Unataka uzamivu wa fizikia? Anza na maji ya bandarini

Barua nyingi za kuomba nafasi ya uzamivu wa fizikia huanza na nyota: "Tangu utotoni nilipenda kutazama mbingu." Mwalimu anayezisoma barua hizo ameikuta sentensi hiyo mara nyingi, na haimwambii kitu. Anachotafuta ni dalili kwamba unaweza kukaa na swali moja miezi mitatu, jibu likakukimbia, na wewe usiliache. Dalili hiyo haipatikani kwa maneno mazuri. Inabidi kazi itangulie, na mwanafunzi wa Unguja au Pemba hana haja ya maabara kubwa kuianza.

Kina cha maji katika bandari ya Zanzibar kimekuwa kikirekodiwa kila saa tangu miaka ya 1980, na Chuo Kikuu cha Hawaii kinaitoa data hiyo bure mtandaoni. Chukua siku 30. Usichukue siku 7. Maji hujaa na kupwa kwa kuvutwa na Mwezi na Jua, na kila mvuto huleta wimbi lake. Wimbi la Mwezi hurudi kila baada ya saa 12.42, la Jua kila baada ya saa 12.00. Mawili hayo hukutana na kuachana kwa mzunguko wa siku 14.77, ndiyo maana bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) hupokezana. Data fupi kuliko hapo haiwezi kuyatenganisha. Kompyuta itakupa namba, lakini hazitakuwa na maana. Hata siku 15 hazitoshi, kwani lipo wimbi jengine la saa 12.66, linalotokana na Mwezi kuikaribia Dunia na kuwa mbali nayo, na kulitenga na lile la saa 12.42 kunataka siku 27.6.

Andika programu yako mwenyewe kwa Python, usipakue iliyo tayari. Itafute ukubwa na awamu ya kila wimbi, yaani linafika kilele lini, ili jumla ya miraba ya makosa (tofauti kati ya jibu lako na data) iwe ndogo kabisa. Ongeza mawimbi mawili ya siku nzima, la saa 23.93 na la saa 25.82. Kisha ondoa jibu lako kwenye data na uchore kinachobaki. Jaribio lenyewe ni kubashiri mwezi unaofuata, ambao programu haijauona. Bashiri ikipishana na bahari, angalia saa kabla ya kitu chochote. Data imeandikwa kwa saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3. Kwa wimbi la Mwezi, kosa hilo peke yake ni digrii 87 za awamu, karibu robo ya mzunguko. Na ukiuliza wavuvi, kumbuka saa nne ya asubuhi ya mvuvi ni 10:00 ya kompyuta yako, na 07:00 ya data.

Sasa rudia kwa mwezi mwengine wa mwaka. Wimbi la Jua litatoka na ukubwa tofauti, ingawa programu haina kosa. Limechanganyika na wimbi la saa 11.97, na kuyatenga kunahitaji data ya karibu nusu mwaka. Hapa ndipo unapojijua. Kama jambo hili linakunyima usingizi mpaka upakue mwaka mzima wa data, una sababu ya kweli ya kwenda. Kama linakuchosha, fikiri tena, kwa sababu uzamivu ni miaka mingi ya siku za namna hii.

Matokeo yaandike kurasa nne, pamoja na makosa uliyoyapata na ulivyoyagundua. Aya ya kwanza ya barua yako itatoka humo.

Pengo la masomo nalo lipo. Wengi wetu husoma fizikia pamoja na ualimu, ili kufundisha skuli, na hapo mekanika ya kwanta na mekanika ya takwimu hupata muda mdogo. Jazia kwa kutatua maswali, kitabu cha majibu kikiwa kimefungwa. Kusoma suluhisho na kutikisa kichwa si kujua. Wanaohitaji mwaka kamili au zaidi wa kujijenga waangalie diploma ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha Abdus Salam mjini Trieste, Italia, mwaka 1964, au uzamili katika tawi lake shirika la Kigali, Rwanda, taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki iitwayo EAIFR, lililofunguliwa 2018.

Kwa uzamivu wenyewe, vyuo vya Marekani hupokea hata mwenye shahada ya kwanza, kwa miaka mitano au sita, na maombi mengi hufungwa kati ya Disemba na mwanzo wa Januari. Nchi nyingi za Ulaya hutaka uzamili kwanza, na nafasi hutangazwa kama ajira, wakati wowote wa mwaka. Ada ya maombi ikikushinda, andika kuomba usamehewe kabla hujalipa. Vyuo vingi vina utaratibu huo.

Barua za walimu ndizo zinazoangusha wengi. Mwalimu anayekujua kwa alama tu ataandika mistari mitatu. Mpelekee zile kurasa nne wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na wasifu wako na orodha ya vyuo, kaa naye akuhoji, na ukubali akuoneshe ulipokosea. Baada ya hapo atakuwa na la kuandika. Mkumbushe kwa adabu zikibaki wiki mbili, na tena zikibaki siku tatu.