Shangazi, kila picha natoka kama ya kitambulisho

*Shikamoo Shangazi. Naolewa Desemba hapa Dar, ndoa kanisani na sherehe ukumbini. Mwezi uliopita tulikwenda Coco Beach jioni, mimi na mchumba wangu, kupiga picha ya kuweka kwenye kadi. Zilipotoka nililia. Macho nimefinya, mabega yamepanda, mikono inaning'inia tu. Mwenzangu ndiyo kabisa, hacheki akiona kamera. Mpiga picha kazi yake kuamrisha: mshike kiuno, mtazame machoni, mbusu! Nilikataa, akanuna. Baba mkwe ni mzee wa kanisa kutoka Lushoto na siku hiyo atakuwepo. Dada zangu wanasema mimi si mtu wa picha, nizoee tu. Na kila shughuli kwetu ndugu hujaa mbele na simu zao. Nifanyeje? Bibi harusi mtarajiwa, Tabata.*

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Tuanze na macho, maana hapo huna kosa hata chembe. Coco inatazama mashariki. Jioni jua liko upande wa mjini, kwa hiyo ukiipa bahari mgongo ili itokee nyuma yako, jua lote linakujia usoni. Nani asingefinya? Anayetaka jua lizame majini hapa Dar huenda upande wa pili wa rasi, kule Slipway. Huyo mpiga picha wenu alitakiwa alijue hilo kabla hajawatoa nyumbani. Siku yenyewe mwambie awaweke kwenye kivuli cha mti au cha ukuta, au jua liwapige kwa ubavu. Pasipokuwa na namna, fumba macho, yeye ahesabu, akifika tatu ndipo ufumbue.

Na muda uulinde. Desemba jua la hapa huzama kama saa kumi na mbili na nusu, na giza halichelewi. Nawajua watu wa msafara: mkitoka kanisani mtazungushwa mji mzima na matarumbeta, foleni iwakamate, mfike kwenye picha mkiwa mnamulikwa na taa za magari. Kamati ikubali mapema kwamba saa kumi na moja mko mahali pa picha. Matarumbeta yatawasubiri ukumbini.

Sasa hiyo mikono. Hao dada zako wananiudhi kidogo, maana wewe huna ulemavu wa picha. Ulisimamishwa mbele ya mtu usiyemzoea, huna cha kushika, ukaambiwa "kaa vizuri". Mwili usio na kazi hukakamaa, na hilo linampata hata mbunge. Upe kazi. Muombe mpiga picha awapige mkitembea polepole mkiongea, msiitazame kamera. Mwenzako akuweke shela sawa, wewe umnyooshee tai. Mkisimama, uzito uweke kwenye mguu wa nyuma na goti la mbele ulilegeze. Ndani ya gauni nani ataliona? Shada la maua lishushe mpaka usawa wa kitovu. Bibi harusi wengi hulipandisha kifuani, mabega nayo yakalifuata, shingo ikapotea. Viwiko viachie nafasi kidogo ubavuni. Halafu pumzi: usiivute ukaibana, itoe. Mabega yatashuka yenyewe.

Haya yafanyie mazoezi sebuleni jioni moja au mbili. Vaa viatu vile vile vya harusi, funga kanga kiunoni ziburuze chini kama gauni, mdogo wako akupige kwa simu. Asimame mbali kidogo, maana simu ikikusogelea sana hukuza pua. Ukishaona ni mguu gani unakupendeza mbele, basi, siku hiyo hutahangaika.

Kuhusu kaka wa watu asiyecheka, mwacheni. Mwaka 1862 daktari mmoja Mfaransa, Duchenne, aliandika kwamba mdomo unaweza kuuamrisha ukacheka, lakini msuli unaozunguka jicho hauamriwi, huja na furaha ya kweli tu. Ndiyo maana "cheka bwana, cheka!" huzaa yale meno ambayo kila mmoja wetu anayo kwenye albamu. Asicheke. Afunge mdomo, akutazame wewe badala ya kamera, na wewe umnong'oneze jambo lenu mnalolijua wawili. Likimfika, sura itabadilika. Lisipomfika, picha ya mwanaume mtulivu anayemtazama mke wake ina ubaya gani?

Suala la kubusu ndilo limenikalisha na barua yako, kwa sababu hapo tatizo si pozi tena. Mpiga picha ameona pozi mtandaoni, anataka kila maharusi wafanye, na hajui kwamba kuna baba mkwe kwenye kiti cha mbele. Wewe ukikataa hapo hapo unaonekana unamkataa mume. Ukikubali, unaona aibu, na aibu hiyo inatoka kwenye picha. Kwa hiyo jambo hili limalizwe kabla ya siku.

Kwanza zungumza na mchumba wako. Hukuniambia yeye anasemaje. Huenda angependa picha ya busu moja na ameona haya kukuambia. Huenda naye alikuwa anaomba ardhi ipasuke. Mkishakubaliana, mwandikieni mpiga picha ujumbe wa WhatsApp, na muuandike kabla hamjalipa pesa yote: mbele ya wazee kushikana mikono na kusimama bega kwa bega inatosha, hakuna kubusu, hakuna kushika kiuno. Kama mnazitaka za karibu zaidi, tengeni nusu saa, muende nyinyi wawili na yeye, matroni akae pembeni akishika shela. Paji la uso kwa paji la uso, macho mmefumba, ni picha nzuri kuliko busu la kulazimishwa, na hata mama mkwe anaweza kuitundika ukutani. Akijisahau ukumbini akaanza "mbusu, mbusu", wewe usijibu kitu. Bestimani awe ameshaambiwa, yeye ndiye atakayekwenda kumnong'oneza. Akinuna tena, anune. Yuko kazini.

Mekapu: fanyeni majaribio wiki moja au mbili kabla, kisha mtu akupige picha gizani kwa flashi. Kuna poda ambazo kwenye kioo cha saluni hazina shida, lakini flashi ikiwaka uso unatoka mweupe, na shingo na mikono vinabaki na rangi yako. Mkataze mpambaji kukupandisha rangi. Nasema mkataze, siyo mshauri.

Jambo la mwisho kuhusu kulia kwako. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao za aina mbili, moja kama walivyo na nyingine iliyogeuzwa kama kioo kinavyogeuza. Wengi wao walipenda ile ya kioo. Rafiki zao wakapenda ile nyingine. Sura unayoizoea wewe si ile tunayoizoea sisi, kwa hiyo picha zikija usizihukumu siku hiyo hiyo, na usizifute. Mpe mama yako azitazame kwanza.

Ndugu na simu zao mwachie MC. Atangaze mapema kwamba mpiga picha akimaliza, kila mwenye simu atapewa dakika zake. Yule mjomba mwenye tableti mpeni kiti cha pembeni kabisa.