Maswali ya Wasomaji: Kutoka Duka la Vitabu hadi Migahawa ya Viwanja vya Ndege

SWALI: Ndugu Mhariri, nasimamia duka la vinywaji na vitafunwa katika kituo cha mabasi cha Msamvu, baada ya kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika supamaketi. Toleo lililopita mlimtaja kwa ufupi Bi. Kate Swann wa Uingereza, aliyeongoza maduka ya vitabu na magazeti ya WHSmith kisha akakabidhiwa kampuni ya migahawa ya viwanja vya ndege. Mtu anawezaje kuhama biashara akiwa kileleni bila kuanza upya? Alikuwa na ujuzi gani hasa, au ni mambo ya kujuana tu?
Msimamizi wa duka, Morogoro

JIBU: Ndugu msimamizi, kujuana husaidia kila mahali, lakini hapa hakutoshi kueleza kilichotokea. Ukiipitia safari yake ya kazi hatua kwa hatua, utaona kwamba biashara aliyohamia hakuwa mgeni kwayo.

Baada ya kusoma masuala ya biashara katika Chuo Kikuu cha Bradford, Bi. Swann alianza akiwa mwanagenzi katika supamaketi za Tesco, kisha akavuka upande wa pili wa meza na kufanya kazi kwa watengenezaji wa bidhaa, yaani Homepride Foods na Coca-Cola Schweppes. Hatua hiyo wengi huiruka wanaposimulia habari zake, ingawa kwa maoni yetu ndiyo iliyomjenga zaidi, kwa kuwa aliyewahi kuwauzia wenye maduka anajua msambazaji ana nafasi kiasi gani ya kupunguza bei, na anajua pia msambazaji huyo yuko tayari kulipia nini ili bidhaa yake iwekwe mahali panapoonekana. Baadaye alirudi madukani: Currys, Homebase, na mwaka 2000 Argos, alikokuwa mkurugenzi mwendeshaji. Novemba 2003 akawa Ofisa Mtendaji Mkuu wa WHSmith.

Sasa, WHSmith haikuwa duka la vitabu la mjini peke yake. Kampuni hiyo, iliyoanzia London mwaka 1792, ilifungua kibanda chake cha kwanza cha vitabu katika stesheni ya Euston mwaka 1848, na tangu hapo imekuwa ikimuuzia msafiri. Katika miaka kumi ya Bi. Swann, maduka ya stesheni, viwanja vya ndege, hospitali na vituo vya barabara kuu yaliongezwa kwa kasi hadi faida yake ikaipita ya maduka ya mjini. Kwa hiyo alipohamia SSP mwaka 2013, ile kampuni ya migahawa uliyoitaja, yenye chapa kama Upper Crust na Caffè Ritazza, kilichobadilika ni bidhaa iliyo kaunta. Mwenye nyumba, yaani uwanja wa ndege au stesheni, alibaki yuleyule, na mteja hali kadhalika.

Tukae kidogo kwenye jambo hilo, kwa sababu linakuhusu wewe wa Msamvu moja kwa moja. Mfanyabiashara wa uwanja wa ndege hupata nafasi kwa zabuni, kwa mkataba wa miaka michache, na kwa kawaida hulipa asilimia fulani ya mauzo yake, huku mkataba ukiweka kiwango cha chini ambacho lazima kilipwe hata abiria wakipungua. Eneo ni dogo, stoo iko mbali, mzigo hupita ukaguzi wa usalama, na wateja hufika kwa mafungu kulingana na ratiba ya safari. Mteja huyo hana muda wa kulinganisha bei, lakini pia hana muda wa kusubiri foleni, hivyo kila dakika inayopotea kaunta ni mauzo yaliyopanda ndege na kuondoka. Anayeyamudu mazingira hayo akiuza magazeti ataweza kuyamudu akiuza mikate. Ndiyo maana mrithi wake katika SSP mwaka 2019, Bwana Simon Smith, naye alikuwa amewahi kuongoza kitengo cha wasafiri cha WHSmith.

Kuhusu matokeo, SSP iliingia Soko la Hisa la London Julai 2014 kwa pensi 210 kwa hisa, na faida yake ya uendeshaji ilipanda kutoka chini ya pauni milioni 90 mwaka huo hadi karibu pauni milioni 195 mwaka 2018. Ni haki kuongeza kwamba usafiri wa anga ulikuwa ukikua wakati wote huo, na kwamba aliondoka kabla ya janga la Uviko-19 kufunga sehemu kubwa ya migahawa hiyo.

SWALI: Nimesoma kwamba mauzo ya WHSmith yalishuka wakati wa uongozi wake, lakini wanahisa walimsifu. Huku kwetu mauzo yakishuka meneja huitwa ofisini. Imekuwaje?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, alipoingia alikuta kampuni inaumwa. Mwaka wa fedha ulioishia Agosti 2004 ulifungwa kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 100, na mwaka huohuo kampuni ya uwekezaji ya Permira ilitaka kuinunua, mazungumzo yakavunjika kwa sababu ya nakisi ya mfuko wa pensheni. Bi. Swann aliiuza Hodder Headline, kampuni ya uchapishaji iliyokuwa mali ya WHSmith, na mwaka 2006 kitengo cha usambazaji wa magazeti kikatenganishwa kuwa kampuni inayojitegemea.

Ndani ya maduka alipima kila kipande cha rafu kwa swali moja: kinaacha faida kiasi gani baada ya gharama? CD na DVD zilileta mauzo makubwa, lakini supamaketi na intaneti zilikuwa zimeshusha bei zake hadi faida ikawa kiduchu, kwa hiyo akazipunguza na nafasi yake ikachukuliwa na vifaa vya kuandikia, ambavyo faida yake ni nono. Mauzo yakashuka karibu kila mwaka, faida ikapanda, na mwaka wa fedha wa 2012 ikafikia pauni milioni 102 kabla ya kodi. Fedha iliyobaki ilirudishwa kwa wanahisa kwa gawio na kwa kampuni kununua hisa zake yenyewe, jambo linaloeleza sehemu kubwa ya sifa ulizozisoma.

Nairobi mna mfano wa njia iliyo kinyume. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilifungua matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, mauzo yakaonekana makubwa na watu wakavutiwa, ilhali madeni ya benki na wasambazaji yalikuwa yakirundikana nyuma ya rafu. Januari 2020 wadai walipiga kura ya kuifilisi. Meneja anayeitwa ofisini kwa sababu ya mauzo peke yake ana haki ya kwenda na hesabu ya faida mkononi.

SWALI: Je, hakuwa na lawama?
Msomaji, Tanga

JIBU: Alikuwa nazo, na baadhi ni za haki. Mwaka 2006 Bwana David Cameron, wakati huo kiongozi wa upinzani, alihoji kwa nini WHSmith inawapa wateja chokoleti yenye ladha ya chungwa kwa nusu bei pale kaunta badala ya machungwa yenyewe, huku nchi ikisumbuliwa na unene uliopindukia. Wateja wengine waliona karaha kuombwa wanunue peremende kila walipokwenda kulipia gazeti.

Lawama nzito zaidi ni ya maduka ya mjini kuchakaa. Njia ya kubana matumizi mwaka baada ya mwaka iliendelea baada yake, na katika uchunguzi wa shirika la kutetea walaji la Which? wa mwaka 2018 na wa 2019, wanunuzi waliiweka WHSmith mkiani miongoni mwa maduka ya mjini. Hatuwezi kumbebesha yeye yote yaliyotokea miaka mitano au sita baada ya kuondoka, lakini mbegu ya uamuzi wa kuyakamua maduka ya mjini na kuyalisha ya wasafiri ilipandwa wakati wake. Mwaka 2025 warithi wake waliufikisha mwisho: maduka ya mjini yapatayo 480 yaliuzwa kwa Modella Capital na kupewa jina la TGJones, na WHSmith ikabaki kuwa kampuni ya wasafiri.