Jibu: Kabini ya pamoja na saa ya Cozumel

Habari mkuu. Umesema mnafanya kazi melini, mwenzako wa kabini anayehudumu baa anarudi saa tisa usiku, wewe unaamka saa kumi na moja alfajiri, na juzi Cozumel, kisiwa cha Meksiko, nusura muachwe na meli.

Anza na simu: zima saa inayojirekebisha yenyewe. Majira ya joto Cozumel iko saa moja nyuma ya Miami, ambayo meli yenu inafuata saa yake, na simu ikinasa mtandao wa Meksiko inakudanganya muda upo. Fuata saa ya meli tu. Kabla hamjapanga kutoka, hakikisheni hakuna aliyepangiwa zamu ya dharura bandarini, huyo hashuki.

Kabini ni rahisi: sare itoe kabatini jioni, kengele iwe ya mtetemo chini ya mto, pazia la kitanda lifungwe. Malalamiko mwambie mchana, si saa tisa akiwa hoi.