Barua kwa mwanangu: wapeleke

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama ni haki kuwachangisha wazazi wa mji wa Columbus, Marekani, wengi wao wakimbizi wanaopiga zamu za usiku maghalani, ili watoto wa gazeti unalolisimamia shuleni kwako waende kwenye mkutano wa kitaifa wa uandishi wa habari wa sekondari, wakati pengine hakuna hata mmoja atakayeifanya kazi hii. Wapeleke.

Mkutano huo wa vyama viwili vya Marekani vya uandishi wa habari shuleni, Journalism Education Association na National Scholastic Press Association, hufanyika mara mbili kwa mwaka, na watoto huvutwa zaidi na tuzo. Sioni ubaya. Ila mimi napenda shindano linavyoendeshwa: mtoto hapeleki makala aliyosahihishiwa na mwalimu wiki nzima. Anapewa kazi palepale, anaandika huku muda unayoyoma, kisha jaji asiyemfahamu anampa maoni yake. Unakumbuka kalamu yangu nyekundu? Mwandishi chipukizi akiniletea habari tamu, nilikuwa naandika pembeni, "Nani kasema?" Wengine walinuna. Waliorudi kupiga simu ndio niliowapa ukurasa wa kwanza. Mtoto akilizoea swali hilo mapema, litamfaa benki, hospitalini, hata mbele ya hakimu.

Mwaka 2017, wanafunzi wa gazeti la Booster Redux, shule ya sekondari ya Pittsburg kule Kansas, walichunguza sifa za mkuu mpya wa shule aliyekuwa ameajiriwa. Wakakuta chuo alichosema kimempa digrii kina mashaka makubwa. Walipochapisha, akajiuzulu kabla hata hajaanza kazi. Watoto wa shule hao! Bodi ya watu wazima ilikuwa imeshampitisha.

Lakini Kansas ina sheria inayolinda magazeti ya wanafunzi tangu 1992. Pasipo na sheria ya namna hiyo, hukumu ya Hazelwood ya mwaka 1988, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani, inampa mkuu wa shule nafasi pana ya kuzuia habari kwenye gazeti la shule akiwa na sababu ya kielimu. Kwa hiyo kabla ya warsha za picha na usanifu wa kurasa, waingize kwanza kwenye warsha ya sheria. Na wewe ukae humo humo, maana mkuu wako akikasirika ataanza na wewe.

Nauli isipowatosha wote, usichague wenye Kiingereza kilichonyooka. Yule binti uliyesema anauliza mpaka walimu wanamkwepa, aende.

Wazazi waliokataa usiwatumie fomu nyingine. Nenda nyumbani kwao alasiri, baba akishaamka, uongee nao Kiswahili, na uchukue gazeti lenye jina la mtoto wao.

Mama yako