Kwa makarani na wakalimani wapya: kinachofuata baada ya "ni kweli"

Ninyi mnaoanza kazi ya ukarani na ukalimani katika mahakama za Nairobi mtafundishwa mengi wiki ya kwanza kuhusu mafaili, orodha ya kesi za siku na namna ya kumwapisha shahidi, na hayo mtayashika upesi. Mimi nimesimama miaka mingi kati ya kizimba na meza ya hakimu, na ninalotaka kuwaachia ni moja: tafsirini kila neno la mshtakiwa, hata lile mnaloliona dogo, kwa kuwa mara nyingi kesi nzima imo humo.

Chukueni shughuli ya kujibu mashtaka. Jumatatu asubuhi kizimba hujaa waliokamatwa mwishoni mwa juma, kwa sababu kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, na muda huo ukiisha wakati mahakama zimefungwa, basi afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Foleni ni ndefu, mashtaka yanasomwa mfululizo, mshtakiwa anajibu "ni kweli", nanyi mnatamani kumwita anayefuata.

Sheria haitaki haraka hiyo. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza hatua zinazofuatwa hadi leo: mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, akikiri, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha upande wa mashtaka utoe maelezo ya tukio, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza jambo. Akiongeza jambo linaloonyesha kwamba kwa kweli hakubali kosa, kukiri kwake kunafutwa na inaandikwa kuwa amekana mashtaka.

Nililijua hilo kwa kichwa kabla sijalijua kwa moyo. Siku moja, katika mahakama ambayo sitaitaja, nilimtafsiria mama mmoja aliyeshtakiwa kwa kumpiga na kumjeruhi jirani yake. Alisema kwa Kikamba kwamba ni kweli alimpiga, lakini wakati huo jirani alikuwa amemkaba koo. Nilimwambia hakimu, "Ni kweli, nilimpiga," nikayaacha yaliyobaki nikidhani ni maombi ya huruma ambayo angeyatoa baadaye. Maelezo ya tukio yaliposomwa na mama akaulizwa kama ni sahihi, hakujibu. Aliinua mkono akajishika shingo na kunitazama mimi. Hakimu aliuona mkono ule. Aliweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole, "Karani, amesema nini hasa?" Nilitafsiri upya, neno kwa neno, na ikaandikwa kwamba amekana.

Fikirini ingekuwaje kama hakimu angekuwa ameinama akiandika. Aliyejitetea asiumizwe anaweza asiwe na hatia hata kidogo, lakini kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai hakimruhusu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kukata rufaa ila kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Mlango ule ningekuwa nimeufunga mimi.

Vivyo hivyo kwa wizi. Kanuni ya Adhabu inataka mali iwe imechukuliwa kwa hila na bila kudai haki juu yake, kwa hiyo kijana anayesema "ni kweli niliichukua hiyo simu, nilikuwa ninamdai" hajakiri wizi. Ukimtafsiria kwa "niliiba", umemtungia jibu.

Kesi za madai nazo zina mitego yake. Katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, watu wengi hujisemea wenyewe bila wakili, na mapatano mengi yanayoletwa pale yalifanywa kwa mdomo. Mapatano ya mdomo yana nguvu ya kisheria, isipokuwa machache kama uuzaji wa ardhi, ambao ni lazima uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Basi shahidi akisema "aliahidi kulipa akiuza ng'ombe", msitafsiri "aliahidi kulipa". Huyo ng'ombe ni sharti la mkataba.

Jambo jingine linaloniuma ni neno dhamana. Wengi kizimbani hudhani ni faini, wakaona heri kukiri ili wamalize na kurudi nyumbani. Hakimu akiwaeleza kwamba pesa za dhamana hurudishwa kesi ikiisha mradi mshtakiwa afike mahakamani kila anapotakiwa, tafsirini maelezo hayo yote bila kuyafupisha. Lakini msimshauri mshtakiwa ajibu nini, hata akiwasihi kwa macho. Kazi hiyo ni ya wakili.

Msipoelewa neno, liwe la Sheng ya mtaani au la lahaja ya mbali, ombeni ruhusa ya hakimu kumwomba mshtakiwa alirudie. Na ikiwa lugha yake hamuijui vizuri, semeni hivyo kabla mashtaka hayajasomwa, hata kama kesi itaahirishwa ili atafutwe mkalimani mwingine. Mshtakiwa ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, na haki hiyo haijatimizwa kwa kuwepo kwenu tu pale mbele.