Kabla hujaamini asilimia ya chujio la hewa

Muuzaji akikuambia kitambaa chake cha chujio kinanasa asilimia 95 ya vumbi, muulize mambo mawili: chembe za ukubwa gani, na hewa ilikuwa inapita kwa kasi gani? Barakoa ya N95, ile inayotakiwa kunasa angalau asilimia 95 ya chembe, hupimwa kwa chembe laini za chumvi, zile za karibu mikromita 0.3 (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita), hewa ikipita lita 85 kwa dakika. Ukubwa huo una sababu. Chembe kubwa hushindwa kukata kona na hewa, zikagonga nyuzi. Ndogo kabisa huyumba huku na huko mpaka zinanasa. Za katikati ndizo sugu.

Nyumbani mimi hutumia kipande cha bomba la PVC, feni yenye nguvu, kifaa cha kuhesabu chembe na moshi wa udi. Kitambaa kikiwa kimefungwa kwenye bomba na feni ikipitisha hewa, pima hewa kabla ya kitambaa, pima baada yake, kisha rudi upime kabla tena. Moshi hupungua wenyewe chumbani, na usiporudia kipimo hicho utalisifu chujio kwa kazi iliyofanywa na dirisha. Kama kabla ni 200 na baada ni 30, kitambaa kimenasa asilimia 85.

Lakini mwizi mkubwa wa vipimo ni uvujaji pembeni. Ziba maungio kwa mpira, halafu weka karatasi ya nailoni mahali pa kitambaa. Ukiona hewa bado inapita, usipime chochote kwanza.

Angalia pia ugumu wa kupitisha hewa. Khanga iliyokunjwa mara nyingi hunasa zaidi, ila hewa ikibanwa hutafuta njia ya pembeni, na barakoa ya hivyo inamchosha mvaaji bure. Ndiyo maana napenda kitambaa cha polipropilini (aina ya plastiki) chenye chaji ya umeme tuli: kinavuta chembe bila kuziba pumzi. Kipime kikiwa kipya, kichovye kwenye spiriti, kikauke, ukipime tena. Uwezo utashuka sana kwa kuwa chaji imeondoka, ingawa kwa macho hakijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo, tafadhali, barakoa za aina hii usizifue.

Na wakati wa masika, vifaa vya bei nafuu huhesabu unyevu kama vumbi. Linganisha vitambaa siku moja, chumba kilekile.