Sifa za insha nzuri: fundisha moja moja

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wamezikariri sifa za uandishi bora (wazo kuu, mpangilio, sauti ya mwandishi, uteuzi wa maneno, mtiririko, usahihi) lakini insha zao ni zilezile. Nadhani unazifundisha zote kwa mpigo. Chukua moja kwa wiki mbili, ukianza na wazo kuu. Wape aya mbili fupi, moja nzuri na moja dhaifu; wapigie mstari sentensi inayobeba wazo, kisha waiandike upya ile dhaifu. Mada kama "Michezo" ni pana mno, ibaneni hadi "dakika ya mwisho ya mechi". Kalamu nyekundu nayo isubiri: ukisahihisha tahajia kwenye rasimu ya kwanza, mwanafunzi atarekebisha herufi tu na hoja ataiacha ilivyo.